Jinsi ya kuchagua mashine na vifaa vya kuchomelea chesisi ya gari ukiwa nyumbani

Watu wengi huanza kwa kuuliza ni mashine ipi iliyo nzuri. Swali hilo halijibiki kabla hujajua chuma unachotaka kukichomelea kina unene gani, ni chuma cha aina gani, na umeme ulionao unaweza kubeba mzigo kiasi gani. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia chini ya gari, unapita kwenye soketi ya ukutani, na hapo ndipo unafika kwenye mashine.

Umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari anajua kushika grinda na amewahi kuchomelea vitu vidogo vidogo, na sasa anataka kukata sehemu ya chesisi iliyoliwa na kutu aweke kiraka, au kurudishia kishikio cha springi kilichong'oka. Kama hujawahi kuchomelea kabisa, anza na mageti na meza kwanza. Chesisi ndiyo inayoshika ekseli, usukani, injini na mwili mzima wa gari. Mshono wake ukiachia gari likiwa kwenye mwendo, wanaoumia ni waliomo ndani na waliopo barabarani.

Hatua ya 1: Hakikisha chesisi hiyo inafaa kuchomelewa nyumbani

Chesisi za mihimili miwili mirefu iliyounganishwa kwa vyuma vya kukingama, kama zile za pikapu na magari mengi ya zamani ya njia mbovu, kwa kawaida ni chuma laini au chuma chenye nguvu ya wastani. Hizo zinachomeleka kwa vifaa vya nyumbani, mradi kazi ifanywe kwa uangalifu.

Chesisi za malori makubwa ni habari nyingine. Nyingi zimetiwa nguvu kwa kupashwa joto kiwandani, na joto la kuchomelea huiondoa nguvu hiyo pale pale pembeni mwa mshono. Mara nyingi utakuta kibandiko kwenye mhimili kinachokataza kuchomelea au kutoboa ukingo wa juu na wa chini. Kiheshimu. Magari madogo ya kisasa, ambayo mwili na chesisi ni kitu kimoja, nayo yana sehemu za chuma kigumu sana chenye boroni, hasa nguzo za milango na baadhi ya mihimili. Chuma hicho hakitakiwi kuchomelewa wala kupashwa joto ovyo. Kitabu cha matengenezo cha mtengenezaji huonyesha sehemu hizo zilipo, na pia mahali panaporuhusiwa kukatwa na kuungwa.

Kazi tatu zisifanyike nyumbani kwa mashine yoyote ile: chesisi iliyopinda kwa ajali, kwa sababu inahitaji kunyooshwa na kupimwa kwenye benchi maalumu, gari la umeme au la mseto, kwa sababu ya betri yake ya volti nyingi, na chuma ambacho hujui ni cha aina gani. Vilevile, uliza mapema kwa wakaguzi wa magari wa mahali ulipo wanakubali ukarabati wa namna gani. Kuna mahali kiraka cha kuchomelewa kinapita kwenye ukaguzi, na kuna mahali hakipiti mpaka kiwe na cheti cha fundi.

Hatua ya 2: Pima unene wa chuma

Usikisie. Gonga kwa nyundo ndogo kuzunguka eneo lenye kutu mpaka mlio uwe mkavu na wa kueleweka, kisha kwangua rangi na upime kwa kalipa kwenye tundu au kwenye ukingo uliokatwa. Usisahau kwamba mhimili wa boksi huliwa kutokea ndani. Kwa nje unaweza kuonekana mzima huku umebaki nusu ya unene wake.

Bati la mwili wa gari huwa na unene wa karibu milimita 0.7 hadi 1. Mihimili ya pikapu na magari ya njia mbovu mara nyingi huwa kati ya milimita 2.5 na 4. Mihimili ya malori hufika 6 na kuendelea.

Kanuni ambayo mafundi huitumia kukadiria ni ampia 40 kwa kila milimita moja ya unene, endapo unataka kupenya kwa mshono mmoja. Chuma cha milimita 3 kinadai kama ampia 120, na cha milimita 4 kama 160. Kinachozidi hapo huchongwa ukingo mshazari na kujazwa kwa mishono miwili au mitatu iliyolaliana. Kwa hesabu hiyo, chesisi ya pikapu inataka mashine inayotoa ampia 160 hadi 200 bila kuhema. Inayoishia ampia 100 ni ya bati, na muuzaji akikuambia itatosha, muulize ameichomelea chesisi gani.

Hatua ya 3: Angalia umeme kabla ya kuangalia mashine

Mashine ya waya, ile inayosukuma waya wa kuyeyuka kupitia mpini unaoitwa tochi, ikichomelea kwa ampia 180 hufanya kazi kwa volti 23 hivi kwenye tochi hiyo. Zidisha, unapata wati 4,140 zinazotoka. Kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea ndani ya mashine kama joto, kinachoingia kinakaribia kilowati 5. Kwenye umeme wa volti 230 hiyo ni ampia 22 kwa mashine nzuri, na mashine za bei rahisi huvuta zaidi. Soketi ya kawaida ya ampia 13 au 16 haiwezi kubeba mzigo huo. Fundi umeme akuwekee soketi ya ampia 32 yenye waya wake na breka yake, moja kwa moja kutoka kwenye boksi la umeme.

Kama soketi ya ampia 13 ndiyo pekee uliyonayo, bado unaweza kuendesha mashine ya rodi, inayotumia fimbo za chuma zilizopakwa dawa, kwa ampia 80 au 90, yaani rodi ya milimita 2.5, na kazi ikaenda polepole. Wanaotumia umeme wa volti 120 wana mipaka zaidi: soketi ya ampia 20 kwa volti hizo inatoa kama ampia 100 za kuchomelea kwa utulivu. Kwa chesisi, tafuta laini ya volti 240.

Waya wa ekstensheni mwembamba na mrefu unakula volti, na mashine inakuwa dhaifu bila wewe kujua sababu. Tumia wenye nyaya nene, za milimita za mraba 2.5 au zaidi, uwe mfupi, na uukunjue wote. Ukiuacha umezungushwa kwenye gurudumu lake utapata moto mpaka plastiki iyeyuke. Kwa jenereta, mashine ya ampia 180 inataka kVA 8 au zaidi, na iwe jenereta inayodhibiti volti yake vizuri. Volti zinazopanda na kushuka zimeua mashine nyingi za inveta, zile nyepesi zinazobadili umeme kwa saketi za elektroniki.

Hatua ya 4: Chagua njia ya kuchomelea

Njia zinazofaa kwa chesisi nyumbani ni mbili, mashine ya waya na mashine ya rodi. Nyingine zina sehemu yake, ila si hapa. TIG, inayoyeyusha chuma kwa ncha ya tungsteni huku mkono wa pili ukilisha waya, inatoa mshono safi kuliko zote, lakini inadai chuma kinachong'aa, mikono miwili na utulivu, na wewe umelala chali chini ya mhimili wenye masalia ya kutu ya miaka kumi. Gesi ya oksijeni na asetilini inatawanya joto eneo kubwa mno na kukilegeza chuma. Ibakize kwa kufungulia nati zilizoganda.

Mashine ya waya yenye gesi, ile inayoitwa MIG, ndiyo chaguo langu la kwanza kwa chesisi ya milimita 2.5 hadi 4. Unaweza kuchomelea vipande vifupi vya sentimita tatu tatu, ukaacha chuma kipoe, ukaendelea. Haiachi juu ya mshono gamba la dawa la kugonga, na mashine hiyo hiyo itakufanyia kazi ya sakafu na bati za mwili.

Lakini ina hatari moja ambayo lazima uijue kabla ya kununua. Mashine ya waya ikiwekwa chini ya nguvu inayohitajika inatoa mshono mzuri kwa macho, laini, wenye mawimbi yaliyopangana, ambao umekaa juu ya chuma tu bila kuungana nacho. Ukiupiga nyundo unabanduka mzima. Mashine ya rodi ikikosa nguvu inakataa kabisa: rodi inaganda, mshono unavimba, na hata mgeni anaona kuna kasoro. Waya hauna aibu hiyo. Ndiyo sababu nasisitiza ampia za kutosha kwenye mashine ya waya, hata kama hutazitumia kila siku.

Mashine ya waya isiyotumia gesi, ambayo waya wake una dawa ndani ya kuukinga mshono na hewa, inafaa sana kazi inapofanyika uwanjani. Gesi ya MIG hupeperushwa na upepo mdogo tu, kama mita 2 kwa sekunde, yaani upepo unaotikisa majani, na mshono unajaa vitundu kama sponji. Waya wenye dawa hauogopi upepo huo na unapenya vizuri. Shida zake ni moshi mwingi, cheche na gamba la kusafisha. Kuna mashine ndogo za bei ya chini zilizotengenezwa kwa waya wa dawa tu, zenye nguvu mbili au tatu za kuchagua na zisizoweza kuongezewa gesi baadaye. Nyingine hutoa umeme wa AC, unaobadili mwelekeo kila mara, na moto wake hautulii. Hizo zipishe.

Mashine ya rodi ya inveta ni nyepesi, haina mtungi, na inapenya chuma kinene bila shida. Kwa vishikio vya springi na vyuma vya milimita 5 na kuendelea naipendelea kuliko waya. Chini ya milimita 2.5 inatoboa haraka, na kuchomelea juu ya kichwa kwa rodi kunadai mazoezi ya kweli.

Kama bajeti inaruhusu mashine moja tu, nunua ya inveta yenye waya na rodi kwa pamoja, ya ampia 180 hadi 200. Siku hizi zipo nyingi, na upande wa rodi hauongezi gharama kubwa.

Hatua ya 5: Soma kibati cha nyuma ya mashine

Namba kubwa iliyochorwa ubavuni ni tangazo. Ukweli upo kwenye kibati kidogo cha nyuma au cha chini, chenye jedwali la herufi na namba. Chukua dakika tano ukisome dukani kabla hujatoa pesa.

Herufi X ni asilimia ya muda wa kazi, na hupimwa katika dakika 10. Pakiandikwa X 20% na chini yake I2 180 A, maana yake ukichomelea kwa ampia 180 unafanya kazi dakika 2 na kuipumzisha dakika 8. Safu ya 60% itakuonyesha ampia unazoweza kutumia dakika 6 kati ya 10. Kwa chesisi, safu hiyo ya 60% ndiyo ya kuangalia, na isipungue ampia 120. Kipimo cha kimataifa cha IEC 60974-1 hufanyika kwenye joto la nyuzi 40, kwa hiyo kibati kinachotaja nyuzi 20 au 25 kimejipendelea: gereji ikipata joto, muda wako wa kazi unapungua.

Pakiwa na safu moja tu, unaweza kukadiria nyingine. Zidisha ampia kwa ampia, kisha kwa asilimia. Jibu hilo halibadiliki sana kutoka safu moja hadi nyingine. Mashine ya ampia 200 kwa 25% itatoa kama ampia 130 kwa 60%.

Sasa tazama I1max, yaani umeme mwingi kabisa ambao mashine huvuta ukutani. Hapa ndipo uongo unapojulikana. Tuseme ubavuni pameandikwa ampia 250, na kibati kinasema volti 230 na I1max ampia 20. Ampia 250 za waya hutembea na volti 26.5, yaani wati 6,625 zinazotoka. Zinazoingia ni 230 mara 20, wati 4,600. Hakuna mashine inayotoa zaidi ya inachokula. Hiyo ni mashine ya ampia 150 hivi iliyoandikwa 250. Kama haina kibati kabisa, irudishe kwenye rafu.

I1eff, yaani umeme unaovutwa ukutani ukihesabu na muda wa mapumziko, nayo ni ya fundi umeme. Mwonyeshe ndipo achague unene wa waya na ukubwa wa breka.

Hatua ya 6: Kagua tochi, rola na sehemu ya kugeuza chanya na hasi

Tochi iwe ya kuchomoka, yenye kiunganishi cha Euro. Tochi iliyofungwa moja kwa moja ndani ya mashine ikiharibika, unatafuta ya mtengenezaji yule yule tu. Ya Euro unanunua popote, na ncha zake za shaba na nozeli hazikosekani. Urefu wa mita 3 unatosha kufika chini ya gari. Ukichukua mita 5, waya mwembamba unaanza kukwama njiani.

Fungua kifuniko cha pembeni utazame kinachosukuma waya. Pendelea chombo cha chuma kuliko cha plastiki, kwa sababu plastiki hupinda ukikaza na waya ukaanza kuruka ruka. Rola yenye mfereji wa umbo la V ni ya waya mgumu wa gesi, na yenye meno ni ya waya wa dawa. Uliza kama zote mbili zimo kwenye boksi. Nafasi ya gurudumu la waya iweze kubeba la milimita 200, ambalo hubeba kilo 5. Magurudumu madogo ya kilo 1 yanakufanya ulipe zaidi kwa waya ule ule.

Mashine iwe na mahali pa kubadilisha chanya na hasi. Waya mgumu wenye gesi unataka tochi iwe chanya. Waya wa dawa usio na gesi unataka tochi iwe hasi. Ukikosea hapo, mshono unakuwa wa hovyo hata uwe na mashine ya kifahari, na watu wengi huishia kulaumu waya.

Volti na mwendo wa waya viwe na vitufe viwili tofauti, vya kuzungusha bila ngazi. Mashine inayojipangia yenyewe ukishaiambia unene wa chuma inasaidia anayeanza, ila iwe na nafasi ya kurekebisha kidogo kwa mkono.

Hatua ya 7: Waya, rodi na gesi

Kwa MIG nunua waya wa ER70S-6. Namba 70 inamaanisha nguvu ya kuvutwa ya angalau pauni 70,000 kwa inchi ya mraba, takribani megapaskali 480. Herufi S na namba 6 zinaonyesha ni waya mgumu wenye manganizi na silikoni nyingi zaidi, unaovumilia mabaki madogo ya kutu. Unene wa milimita 0.8 unatosha kwa chesisi nyingi. Wa 0.6 ni wa bati.

Kwa waya wa dawa, kuwa makini na herufi za mwisho. E71T-11 unaruhusu mshono juu ya mshono. E71T-GS umekusudiwa mshono mmoja tu, na ndio unaowekwa mara nyingi ndani ya boksi la mashine ndogo kama zawadi. Usiutumie kwenye chesisi.

Kwa rodi, E7018 ndiyo ya chesisi, kwa umeme wa DC, unaokwenda upande mmoja tu, na rodi ikiwa chanya. Dawa yake ina hidrojeni kidogo, kwa hiyo mshono haupasuki kirahisi, lakini inanyonya unyevu wa hewani. Nunua pakiti ndogo iliyofungwa bila kupitisha hewa na uitumie siku ile ile uliyoifungua. Zikikaa wazi, zitengee kazi zisizobeba uzito. E6013 inawaka kwa upole na wengi wameizoea, lakini haipenyi sana. Iache kwenye mageti.

Gesi inayokubaliana na mashine za nyumbani ni mchanganyiko wa argoni na kaboni dayoksaidi, kati ya 75 kwa 25 na 82 kwa 18. Moto unatulia na cheche ni chache. Kaboni dayoksaidi tupu ni nafuu na inapenya zaidi, ila inarusha cheche na inahitaji regyuleta yake. Gesi hiyo hukaa mtungini ikiwa kimiminika, hivyo kipimo cha shinikizo hakishuki mpaka kimiminika kiishe, halafu kinaanguka ghafla. Unajua kilichobaki kwa kupima uzito.

Mtungi wa lita 10 uliojazwa kwa bari 150 una kama lita 1,500 za gesi. Ukifungulia lita 12 kwa dakika, unapata dakika 125 za tochi kuwaka. Hiyo ni kazi nyingi ya chesisi. Vichupa vidogo vya kutupa ni gharama isiyo na maana kwa kazi ya namna hii. Popote mtungi unapokaa, ufunge kwa mnyororo usianguke.

Hatua ya 8: Vifaa vinavyoshika na kukata

Hapa watu hubana matumizi, na mshono ndio unaolipa. Muda mwingi wa kazi ya chesisi ni kukata, kusafisha na kulinganisha. Tochi yenyewe huwaka dakika chache tu.

Grinda ya milimita 115 au 125, na ikiwezekana mbili ili usibadilishe diski kila dakika. Diski za kukatia za milimita 1, za msasa wa majani namba 60, na brashi ya waya. Kasi iliyoandikwa kwenye diski isiwe chini ya kasi ya grinda. Kingao cha grinda kisitolewe kwa sababu yoyote. Klampu za kujifunga, nne au zaidi. Sumaku za pembe zinasaidia kushikilia, lakini ziondoe ukishapiga vidoti vya kwanza, maana sumaku huvuta moto wa umeme kuelekea upande usioutaka.

Drili yenye biti za milimita 8 hadi 10 ni lazima. Kiraka cha chesisi hakishonwi kingo tu. Hutobolewa matundu ubavuni, na kila tundu hujazwa chuma mpaka kiungane na mhimili ulio chini. Kiraka chenyewe huchongwa ncha za mshazari, kama almasi, ili pasiwepo mshono unaokata mhimili wima kutoka juu hadi chini. Kwenye kingo za juu na chini, zinazobeba mvutano mkubwa, usipitishe mshono wa kukingama.

Stendi za gari zenye uwezo unaozidi uzito wa gari, kwenye sakafu ngumu na iliyo sawa. Jeki ni ya kunyanyulia tu, haiaminiki kukaa chini yake. Ziweke ili mihimili ikae kama inavyokaa gari likiwa limesimama kwa magurudumu, na uchukue vipimo vya mshazari, kona hadi kona, kabla hujakata chochote. Chesisi inayoning'inia itashonwa ikiwa imepinda na itabaki hivyo.

Hatua ya 9: Vifaa vya kukulinda wewe na gari

Helmeti inayojitia giza yenyewe, ya kiwango cha 10 hadi 11 kwa ampia hizi, na iwe na vihisi vinne. Ukiwa umelala chini ya gari, bomba la moshi au mkono wako unaweza kuziba vihisi viwili, na kioo kikabaki cheupe huku moto ukiwaka. Koti la ngozi lenye kola ndefu, glovu za ngozi, na viziba masikio: cheche zinazodondoka kutoka juu huingia sikioni. Nguo za poliesta zinayeyuka kwenye ngozi, vaa pamba. Barakoa ya vumbi ya kitambaa haizuii moshi. Tafuta ya kichujio cha P3 au P100 inayokaa ndani ya helmeti.

Hili naomba ulisome mara mbili. Dawa nyingi za kusafishia breki zina klorini. Zikibaki kwenye chuma, hata kidogo, joto na mwanga wa kuchomelea huzigeuza kuwa fosjini, gesi ya sumu inayoharibu mapafu, na dalili zake zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Safisha chesisi kwa asetoni au dawa iliyoandikwa kwamba haina klorini, na uache ikauke kabisa. Vyuma vilivyopakwa zinki navyo vikwanguliwe mpaka chuma kitupu kionekane, upana wa sentimita tatu au zaidi kila upande, kwa sababu moshi wake huleta homa na kutetemeka.

Kwa upande wa gari, ondoa waya wa hasi wa betri. Klampu ya ethi, inayorudisha umeme kwenye mashine, ifungwe kwenye chuma kinachong'aa, karibu kabisa na unapochomelea na kwenye kipande hicho hicho. Ukiifunga mbali, umeme utatafuta njia kupitia beringi za magurudumu au nyaya za kompyuta ya gari na kuziharibu. Mabomba ya breki, nyaya na tangi la mafuta vilivyo karibu vitolewe, kuvifunika hakutoshi. Tangi tupu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa mvuke ndio unaolipuka. Weka mtungi wa kuzimia moto mkononi mwa mtu wa pili, na mkae hapo angalau saa nzima baada ya kumaliza. Zulia na dawa ya kuzuia kutu iliyoko ndani ya boksi huweza kufuka polepole na kuwaka mkiwa mmeshaondoka.

Hatua ya 10: Ijaribu mashine kabla haijagusa gari

Kata vipande vya chuma chenye unene ule ule wa chesisi yako. Viunganishe kwa umbo la T, ukishona upande mmoja tu. Funga kwenye jiliwa na uupige nyundo kuelekea upande wa mshono mpaka ulale au uvunjike.

Chuma kikijikunja na mshono ukabaki, mashine inatosha. Ukivunjika, angalia sehemu iliyoachia. Ukiona ukingo wa awali wa kile kipande bado umenyooka, na alama za grinda zinaonekana, chuma hakikuyeyuka hapo. Ongeza mwendo wa waya pamoja na volti, sogeza tochi ili waya utokeze kama milimita 10 tu, na uelekeze waya mbele ya chuma kilichoyeyuka, si juu yake. Ukiona vitundu vitundu, tatizo ni upepo, gesi kidogo au uchafu. Jaza pia tundu la milimita 8, kisha ling'oe kwa patasi. Linapaswa kung'oka na chuma cha chini.

Kisha funga vipande hivyo juu ya kichwa chako, ulale kama utakavyolala chini ya gari, na urudie jaribio lote. Mipangilio iliyofanya vizuri mezani inaweza kudondosha chuma ukiwa chini, na mara nyingi utashusha volti kidogo na kushona vipande vifupi zaidi. Andika namba zilizokubali kwa chaki ubavuni mwa mashine, za milimita 3 na za milimita 4, kwa waya na gesi ile ile. Ukikuta hata baada ya kufika mwisho wa vitufe mshono bado unabanduka, rudisha mashine ukabadilishe kwa yenye nguvu zaidi wakati risiti bado inafanya kazi.